Wanawake Wote Waliojibu

Dodoso lilikuwa na maswali thelathini na mawili, na Dk. Nasma Uweso aliyamaliza kwa dakika tatu, amesimama, huku akisimamia mtihani wa mwaka wa pili. Wala hakuyasoma. Alisoma kichwa chake tu, "Mtazamo wa Wahadhiri wa Famasia kuhusu Usawa wa Kijinsia," akaona visanduku vitano mbele ya kila swali, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa," akatia vema kwenye safu ya kwanza kutoka juu mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa. Safu ya kwanza ndiyo iliyomfika machoni mwanzo. Hiyo ndiyo sababu, msitafute nyingine.

Mboni, karani wa kitivo, alikuwa akimngoja mlangoni na bahasha ya kaki.

"Umeshamaliza, mama? Wenzio wanakaa nalo wiki nzima."

"Nimemaliza."

"Na jina hawaandiki, eh? Ni siri hii." Mboni akaichomeka karatasi kwenye bahasha, akaenda zake. Nasma akarudi kuangalia vichwa vya wanafunzi vilivyoinamia meza.

Mwezi mmoja nyuma ilikuwa imebandikwa barua kwenye ubao wa matangazo. Nasma alikuwa amekaimu ukuu wa Idara ya Utengenezaji Dawa kwa miaka minne. Miaka minne ya kupanga vipindi, kupatanisha watu waliogombania maabara, kufuatilia kemikali bohari, kupokea wakaguzi na kuwapeleka wakaguzi kula. Barua ikamtaja Dk. Luqmani kuwa mkuu kamili. Luqmani huyo huyo ambaye Nasma alimfundisha kupima ugumu wa kidonge akiwa mwanafunzi, na tasnifu yake aliisahihisha mara tatu bila kuombwa. Nasma alipiga makofi pamoja na wengine. Alimkabidhi funguo, akamwonyesha na kabati ambalo mlango wake lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke.

Kisha akangoja hasira ije. Haikuja. Akangoja kilio, nacho hakikuja. Jumapili alikwenda kwa mama yake Ngamiani, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alichokionja ni moto wa chakula tu. Mama yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, na ni kweli hakuwa anaumwa popote. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na yeye, aliyekuwa akifundisha dawa za ganzi kila muhula, hakujua hii imechomwa lini wala itaisha saa ngapi.

Sasa mfahamu hesabu ya mahali penyewe. Kitivo kilikuwa na wahadhiri ishirini, na wanawake walikuwa wawili. Mmoja ni Nasma. Wa pili ni Khairat, mhadhiri msaidizi, binti wa Kipemba wa miaka ishirini na tisa. Nasma alimfundisha tangu mwaka wa kwanza, na ndiye aliyemshika mkono mpaka akaajiriwa. Dodoso lilipopita, Khairat alikuwa nyumbani Chumbageni amejifungua. Alirudi kazini wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Nasma hata kabla hajaweka mkoba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi. Siku themanini na nne zimekwisha, na mtoto bado anadhani za kwake hazijaanza." Akacheka, kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti. "Dada, kikao ni Alhamisi?"

"Alhamisi."

Kilichokuwa kinamkimbiza kilikuwa kimoja tu, na kitivo kizima walikijua. Ilikuwa imepatikana nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu nchini Uturuki, miaka mitatu, kila kitu kimelipiwa. Nafasi moja. Kanuni za chuo zinasema atangulizwe mwombaji mwenye alama za juu, na mwenye alama za juu alikuwa Khairat. Aliyemfuata alikuwa kijana mmoja mpole, Ahmada, ambaye hana ubaya na mtu na wala hadithi hii haimsemi yeye.

"Nasikia watu wanasema ati nimezaa, siendi tena," Khairat akasema. "Nakwenda, dada. Mimi na Soud tumeshalipanga. Mama anakuja kutoka Wete kukaa na mtoto, na miezi sita ikipita nawachukua. Fomu nilijaza mwezi wa tatu, tumbo hili hapa." Akaukumbatia mkoba wake. "Wewe ndiye mwanamke peke yako mle ndani. Utanisemea?"

"Nitakuwepo," Nasma akasema.

Khairat akalichukua neno hilo kuwa ndiyo. Akamshukuru, akaenda kukamua maziwa kwenye stoo ya vifaa, kwa sababu mahali pengine pa kufanyia hivyo hapakuwepo.

Chumba cha mikutano kilitazama barabara ya Pongwe, na kila lori la chokaa likipita vioo vilitetemeka. Alhamisi ile walikaa wanaume tisa na Nasma. Mezani kulikuwa na chai na sahani mbili za machungwa ya Muheza yaliyokwisha kumenywa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Hilal, mkuu wa kitivo, mzee wa Kipemba mwenye sauti ya chini, asiyemkatiza mtu maneno, na katika miaka yake yote chuoni hajawahi kumfokea mtu. Nasma aliketi mkono wake wa kushoto na kaunta buku, kama ilivyokuwa kwa miaka kumi na mmoja. Vikao hivi ni vya siri na karani haruhusiwi kuingia. Mara ya kwanza Profesa alimwambia, "Dada Nasma, tushikie kalamu leo tu, mwandiko wako unasomeka." Leo tu hiyo ilikuwa imefika kaunta buku ya saba. Na humo ndani wengine waliitana daktari fulani, daktari fulani, na yeye alikuwa dada, au mama, ikitegemea umri wa anayeita. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walimpenda kweli, kwa namna yao.

Ajenda ya nne ilikuwa dodoso. Aliyeisoma ni Dk. Zabron, mratibu wa ubora, mtu wa bara aliyehamia Tanga zamani, anayependa jedwali kuliko chakula.

"Wanaume," akasoma, "asilimia sabini na mbili wanakubali kwamba fursa hapa kitivoni zinatolewa kwa usawa. Wanawake..." Akarekebisha miwani. "Wanawake wote waliojibu, asilimia mia moja, wanakubali kabisa. Na ni hivyo hivyo kwa maswali yote thelathini na mawili."

Chumba kikacheka, kicheko cha watu waliotua mzigo.

"Kumbe wanaolalamika ni sisi!" Luqmani akasema.

Nasma aliandika "asilimia mia moja," kisha akaacha kuandika. Ndipo alipofahamu. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha takwimu kitivoni, na mwanafunzi akiandika asilimia bila kusema ni ya watu wangapi humkata alama tano, hana huruma katika hilo. Pale mezani wanaume wote tisa walikuwa wamesoma takwimu, na wawili aliwafundisha yeye. Hakuna aliyeuliza wangapi. Wanawake wote waliojibu walikuwa ni yeye mwenyewe, amesimama ndani ya chumba cha mtihani na kalamu ya kuazima.

Ajenda ya tano ikafunguliwa kabla hajajua afanye nini na jambo hilo.

"Hii ya Khairat na Ahmada," Profesa Hilal akaanza, akakuna kidevu. "Khairat ni mwanangu. Mimi na babake tulikaa dawati moja Wete. Kwa hiyo nikaona jambo hili niliendee kwa adabu. Nikampigia mumewe. Nikamwambia, bwana Soud, safari ndiyo hii, miaka mitatu, na mtoto mchanga ndiye huyo, waonaje? Kijana ana adabu sana. Akanambia, 'Profesa, nyie ndio wazee wetu, mtakavyoona.'" Akanyanyua viganja viwili juu ya meza. "Mimi nikaelewa."

Wote wakatikisa vichwa, hata Zabron, ambaye miaka ya pwani ilikuwa imemfundisha. Kijana akisema hivyo, walielewa, ni kwamba hataki na anaona haya kumkatalia mzee.

"Tusimbebeshe mzigo," Luqmani akasema. "Mtoto wa miezi mitatu anamtaka mamake. Mwakani zitakuja nafasi nyingine. Tumwonee huruma."

"Na hakuna atakayesema tumebagua," Zabron akaongeza, akigonga karatasi zake kwa kalamu. "Takwimu zetu hizi hapa, tena mbichi."

Profesa akamgeukia Nasma. Aligeuka kwa heshima, mwili mzima, kama anavyofanya siku zote. "Dada Nasma, wewe ni mwanamke mwenzake. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Kanuni aliijua kwa namba ya kifungu. Alama alizijua. Mpango wa mama wa Wete aliusikia kwa masikio yake siku tatu nyuma. Maneno yalikuwa yamejipanga yote, yanasubiri kusukumwa kidogo tu, na wa kuyasukuma hakuwepo. Lori likapita, vioo vikatetemeka. Nasma aliutazama mkono wake ulioshika kalamu akaona kama ni mkono wa mtu mwingine.

"Sina, Profesa," akasema.

Ahmada akapitishwa. Watu wakala machungwa.

Habari ilimfika Khairat kabla ya saa kumi, maana siri za vikao vyetu huishia kwenye ngazi. Hakwenda ofisini kwa Nasma. Ijumaa asubuhi ni Nasma aliyemfuata, akamkuta maabara, mbele ya mizani ndogo yenye vioo, anapima unga wa parasetamoli kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi. Khairat hakugeuka.

"Ati Soud hataki," akasema. "Hivyo ndivyo walivyoelewa?"

"Profesa alisema alimjibu, nyie ndio wazee wetu, mtakavyoona."

"Sasa alitaka amjibu nini? Mtu mzima, rafiki wa baba, kampigia. Soud alisimama wima na simu sikioni kama yuko mbele yake. Amwambie, ndiyo, mchukue mke wangu mpeleke? Kwetu mtu hakubali hivyo, dada. Anakubali hivyo alivyokubali." Akachota unga kidogo, akaumimina kwenye sahani ya mizani, namba zikaanza kucheza. "Alikuja chumbani anacheka. Akanambia, 'Khairat, Profesa mwenyewe kanipigia kunitaka idhini, mambo yako tayari.' Tulimwambia mama akate tiketi ya boti."

Nasma alisimama pale pale.

"Na kwa nini hawakunipigia mimi? Namba yangu hawana? Wakitaka alama za wanafunzi wananipigia hata Ijumaa khutba inasomwa." Ndipo akageuka. Macho yalikuwa makavu, mekundu. "Na Mboni kaniambia kuna dodoso. Wanawake asilimia mia moja, kila kitu nakubali kabisa. Mimi nilikuwa nyumbani, sikuletewa karatasi. Wanawake hapa ni wawili. Sasa hao asilimia mia moja ni kina nani?"

"Ni mimi," Nasma akasema. "Sikuyasoma maswali."

"Hukuyasoma."

"Sikuyasoma."

"Na kikaoni ulisema nini?"

"Niliulizwa kama nina la kusema. Nikasema sina."

Namba za mizani zilikuwa zimetulia. Khairat akazisoma, akaandika uzito kwenye daftari la maabara, akatia saini ndogo pembeni kama Nasma alivyomfundisha akiwa na miaka ishirini, kwamba usichokiandika hukukifanya.

"Sawa, daktari," akasema, akachukua karatasi nyingine ya kupimia.

Tangu aingie kitivoni hakuwahi kumwita daktari. Nasma alitamani atukanwe. Angetukanwa angepata cha kujibu, au cha kulilia. Alitoka nje, akasimama kwenye jua la uwanja mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

Jumamosi alikaa kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake Makorora kuandika muhtasari. Kuna jambo la kazi yake hii ya kalamu ambalo hakuna aliyelijua. Nasma aliandika upesi sana, kwa hiyo kikaoni aliandika kila kitu kama kilivyosemwa, neno kwa neno, nani kasema nini. Kisha nyumbani aliyapiga pasi. "Atatuletea uzazi mwaka wa kwanza tu huyu" ikawa "kikao kilijadili kwa kina sifa za waombaji." Watu walimsifu kwa muhtasari mzuri. Profesa Hilal alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba muhtasari wa Dada Nasma haujawahi kuleta ugomvi.

Alichukua kaunta buku ya sita, sijui kwa nini, labda mkono ulitaka kazi. Akafungua kikao cha mwaka juzi, ukurasa uliokuwa na jina lake. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, umenyooka, unasomeka. Luqmani alikuwa amesema: "Mama Nasma anatufaa zaidi hivi hivi alivyo, akiwa kaimu. Tukimpa cheo chenyewe ataanza kutusumbua." Mabano, kicheko. Mwenyekiti: "Tumwache kwanza." Na chini yake, kwa wino mwekundu, pasi aliyoipiga mwenyewe usiku ule: "Kikao kilimpongeza Kaimu Mkuu wa Idara kwa utendaji wake."

Aliyasikia maneno hayo siku yaliposemwa, alikuwa hatua moja kutoka kinywa kilichoyasema, akayaandika, akayapiga pasi, akayapeleka yakasainiwa. Na alikuwa ameyasahau kabisa. Hilo ndilo lililomtisha. Ganzi haikuanza na ile barua kwenye ubao. Ilikuwa ya siku nyingi.

Ningependa kuwaambia kwamba alipandwa na hasira, akafungua kompyuta mikono inatetemeka. Hakupandwa na kitu. Alifungua kompyuta, akachapa muhtasari wa Alhamisi kama ulivyokuwa kwenye kaunta buku, bila pasi, nukta kwa nukta, majina kwa majina. Alichapa simu ya Profesa kwa Soud. Alichapa mzigo wa Luqmani na takwimu mbichi za Zabron. Alipofika kwenye swali aliloulizwa yeye, alichapa: "Dk. Nasma Uweso aliulizwa kama ana la kusema. Alijibu kwamba hana." Akausoma mstari huo mara mbili. Haukuhitaji sahihisho.

Muhtasari uliosainiwa ulitakiwa ufike makao makuu ya chuo siku ya Ijumaa pamoja na jina la mteuliwa, la sivyo nafasi inapotea. Kwa hiyo Jumatano iliitwa kikao kifupi cha kuuthibitisha. Kwa Profesa Hilal muhtasari haugawiwi kwa karatasi wala kwa simu. Husomwa kwa sauti na katibu, watu wanasikiliza, mwenye sahihisho anasema, kisha mwenyekiti anatia saini. Aliurithi utaratibu huo kwa waliomtangulia na hakutaka kuuacha. Watu waliokuwa na haraka zao walikuja na funguo za magari mikononi.

Nasma akasoma. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya kusomea orodha ya vifaa. Ajenda ya kwanza, ya pili na ya tatu, watu waliangalia simu zao. Alipofika kwa "Dk. Luqmani alisema, 'Kumbe wanaolalamika ni sisi,' kikao kikacheka," Luqmani akainua kichwa. Alipofika kwa "Dk. Zabron alisema hakuna atakayesema tumebagua," funguo zikawekwa mezani.

"Mwenyekiti alieleza," Nasma akaendelea, "kwamba alimpigia simu mume wa mwombaji. Mume akajibu, 'Profesa, nyie ndio wazee wetu, mtakavyoona.' Mwenyekiti akasema, 'Mimi nikaelewa.' Mwombaji mwenyewe hakupigiwa."

"Dada Nasma," Profesa akamkatiza. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatiza mtu. "Haya... sisi hatuandiki hivi."

"Kuna neno nililokosea, Profesa?"

Profesa Hilal alikuwa mtu wa dini. Kusema kwamba hakuyasema yale, hawezi, na sasa yalikuwa hewani wote wanayasikia. Alimtazama Zabron, Zabron akatazama jedwali lake.

"Mwenye sahihisho aseme," Nasma akasema. "Nitaandika sahihisho, na jina la aliyelitoa."

Hakuna aliyesema. Lori likapita. Nasma akasoma mstari wake mwenyewe kwa sauti ile ile, kwamba aliulizwa, kwamba alijibu hana. Kisha akafunga karatasi.

"Katika yatokanayo, sasa ninalo," akasema. "Mwanamke aliyejibu dodoso ni mmoja. Ni mimi. Sikusoma hata swali moja. Dk. Zabron anajua ni mmoja."

"Nisingeweza kuandika mmoja," Zabron akasema, shingo imemwiva. "Ingekuwa kuvunja siri. Kila mtu angejua ni wewe."

"Naandika hivyo?"

Zabron akalikunja jedwali lake.

"Lakini Dada Nasma, ungesema siku ile," Luqmani akasema, na kwa kweli alionekana ameumia. "Sisi tungejuaje? Mbona hukusema?"

Swali lilikuwa la haki, na lilimwingia. Nasma alilisikia likipita, likagusa mahali fulani chini ya mbavu, pakauma. Pakauma kweli.

"Sijui," akasema. "Nalo limo kwenye muhtasari."

Profesa Hilal alikuwa ameishika kalamu ya kutilia saini, hajaifungua. Aliigeuza huku na huku. Ukitazama uso wake ungeona kitu kilichokuwa kinamsumbua sasa si kanuni, wala makao makuu. Ni ile simu. Yeye, Mpemba, mtoto wa adabu zile zile, alikuwa amesikia "mtakavyoona" akaitafsiri alivyopenda yeye.

"Kijana alikuwa anakubali," akasema taratibu, kama anajiambia.

"Walishamwambia mama yake Khairat akate tiketi ya boti," Nasma akasema.

Mzee akaiweka kalamu chini. "Unayo namba ya Khairat?"

"Ninayo."

"Mpigie. Muulize kama anataka kwenda."

Nasma alikwisha kuigusa simu yake. Kisha akaiacha, akachukua kaunta buku, akafungua ukurasa mpya.

"Piga mwenyewe, Profesa," akasema. "Namba yake unayo. Mimi naandika."

Wanaume tisa wakamtazama. Profesa Hilal akatoa simu mfukoni mwa kanzu, akavaa miwani, akaitafuta namba kwa kidole kimoja, muda mrefu. Akaiweka katikati ya meza, sauti juu. Ikalia mara nne.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Khairat, tuko kikaoni. Nataka nikuulize wewe mwenyewe." Akakohoa. "Unataka kwenda?"

Khairat alikuwa nyumbani, saa yake ya kwenda kunyonyesha. Ikasikika sauti ya mtoto, akinung'unika kama wanavyonung'unika watoto wakiondolewa kwenye ziwa la mama.

"Fomu yangu iko mezani kwako tangu mwezi wa tatu, Profesa," Khairat akasema. Kisha akauliza, "Kuna mtu anaandika?"

"Yupo. Dk. Nasma anaandika."

Nasma alingoja kusikia salamu, hata neno moja tu. Khairat hakumsalimia.

"Basi aandike kwamba nataka kwenda," akasema. "Tena aandike hivyo hivyo."

Nasma akaandika. Mwandiko ulikuwa mbaya, umepinda, tone moja la chozi likaangukia wino wa neno la mwisho likaueneza. Hakulifuta.